Macho Juu, Mikono Chini: Hotuba kwa Walinzi wa Kiota cha Korongo

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana mlioandikisha majina yenu kwa zamu, na watoto mlioketi pale mbele mkidhani siwaoni,

Nimeombwa nizungumze kabla msimu haujaanza, nieleze kazi ya kulinda kiota cha korongo kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kuifanya. Nitaanza kwa kukiri jambo. Msimu wangu wa kwanza niliumaliza wote nikiwa nimeinua shingo. Nilikuwa na darubini nzuri na kiti kizuri, nikaamini kwamba kumlinda ndege ni kumtazama bila kuchoka. Shingo iliniuma tangu mayai yalipotagwa hadi makinda waliporuka, na katika muda huo wote karibu kila jambo lililowadhuru ndege wale lilitokea nyuma ya mgongo wangu, huku chini: kwenye malisho, kwenye mtaro uliokaushwa, kwenye uchafu tuliouacha wenyewe pembeni mwa shamba. Basi ninayotaka kuwaambia leo ni hayo tu. Kiota kiko juu, lakini ulinzi wake uko chini, na kijiji kinachosahau hilo kitakuwa na watazamaji wengi bila mlinzi hata mmoja.

Ndege tunayemzungumzia ni korongo mweupe, yule mwenye miguu myekundu, mdomo mwekundu na mbawa zenye ncha nyeusi, ambaye akisimama wima hufikia kimo cha mita moja na akitanua mbawa hukaribia mita mbili. Lugha yetu imempa jina lile lile iliyolipa bonde lililochimbwa na maji. Sijui kama wahenga walikusudia hivyo au maneno yalikutana tu njiani, lakini mimi hulitumia kama kumbukumbu, kwa sababu ukitaka kujua kama korongo wa juu atalea watoto mwaka huu, nenda kwanza ukatazame maji yaliyo bondeni.

Kiota chake si tundu la msimu mmoja. Kila mwaka wenye kiota huongeza vijiti, matawi, udongo na nyasi, hata kiota cha miaka mingi kikafikia uzito wa mamia ya kilo, na vipo vilivyowahi kupita tani moja. Shomoro huingia ubavuni mwa rundo hilo na kujichimbia vyumba, wapangaji wasiolipa kodi, na mwenye nyumba hawasumbui. Uzito huo ni jambo la kwanza la huku chini. Nguzo, paa au dohani inayobeba kiota ikaguliwe kabla ndege hawajarudi kutoka Afrika, na fundi akisema kiti cha kiota kimeoza, kitengenezwe wakati huo huo, kwa kibali cha wahusika, si siku upepo utakapokuwa umeshaanza kukitikisa na mayai yamo ndani.

Dume ndiye anayefika kwanza mara nyingi, akatwaa kiota na kuanza kukirekebisha, na jike hufuata baada ya siku kadhaa. Watu hupenda kusimulia kwamba korongo huoana kwa maisha. Hata mimi nilikuwa nikisimulia hivyo, na wasikilizaji walifurahi. Lakini uaminifu mkubwa wa korongo ni kwa kiota, na wawili hao hurudiana mwaka hadi mwaka hasa kwa sababu kila mmoja amerudi mahali pale pale. Jike akichelewa, huenda akakuta mwenzake yuko na jike mwingine, na hapo huzuka ugomvi ambao mashabiki wa ndoa hawapendi kuusikia: mbawa zinapigwa, midomo inachomana, damu inachuruzika juu ya manyoya meupe, na mayai yakiwa yameshatagwa yanaweza kuvunjika. Mtakapoyaona hayo, mtataka kupiga makelele, kurusha mawe, kupandisha ngazi. Msifanye lolote kati ya hayo. Andikeni saa ugomvi ulipoanza, saa ulipokwisha, na nani amebaki kiotani.

Na mtajuaje nani ni nani? Kwa pete, ikiwa ndege ana pete. Pete ya korongo hufungwa juu ya kiungo cha mguu, sehemu ya juu, na sababu yake ni ya aibu kidogo: siku za joto kali korongo hujisaidia juu ya miguu yake mwenyewe, na unyevu ule ukikauka humpoza. Ndiyo maana wakati wa jua la mchana miguu ile myekundu huonekana kama imepakwa chokaa. Pete iliyofungwa chini ingegandwa na uchafu huo ikamuumiza. Anayesoma namba ya pete hahitaji kumkaribia ndege. Anahitaji darubini yenye miguu mitatu, subira, na jua likiwa nyuma yake.

Hapa niseme neno juu ya daftari, kwa kuwa ndilo chombo chetu kikuu na ndilo linalodharauliwa kuliko vyote. Katika daftari andikeni mlichokiona, msiandike mlichokihisi. Mmoja wetu, mtu mwema sana, aliwahi kuandika: “Mama amehuzunika leo.” Sentensi ile haikumsaidia mtu yeyote. Kama angeandika kwamba ndege amesimama kwa mguu mmoja tangu saa mbili hadi saa tano, hajashuka kula, na mwenzake hajarudi tangu jana jioni, tungejua saa ile ile kwamba kuna ndege mmoja amepotea na tungeanza kumtafuta chini ya nyaya. Tulimtafuta baada ya siku mbili. Daftari zuri lina saa, upande wa upepo, nani yuko kiotani, ameleta nini mdomoni, ameelekea wapi aliporuka. Safu hiyo ya mwisho, ameelekea wapi, ndiyo iliyotufundisha zaidi, nami nitairudia.

Mayai huwa manne mara nyingi, wakati mwingine matatu au matano, na huatamiwa kwa siku 33 au 34. Wote wawili huatamia. Kama mtabahatika kushuhudia wakipokezana, mtafahamu kwa nini watu huacha shughuli zao kwa ajili ya ndege hawa. Anayerudi hutua kwenye ukingo, huinua shingo na kuirudisha nyuma mpaka utosi unagusa mgongo, kisha huanza kugonganisha mdomo kwa kasi, sauti kavu kama ya mtu anayegonga vijiti viwili vya mianzi bila kupumzika. Korongo mzima hana wimbo. Hiyo ndiyo salamu yake, na mfuko wa koo huikuza ikasikika mbali. Aliyelala hujibu vivyo hivyo. Kisha huinuka taratibu, mguu mmoja, halafu mwingine, akiwa amevikunja vidole ili makucha yasiguse mayai, na mwenzake huingia, huyageuza mayai kwa ncha ya mdomo, hujitikisa na kulala. Shughuli nzima huchukua muda mfupi kuliko mimi ninavyoisimulia.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo ningependa mlisikie kwangu leo kuliko mlione wenyewe bila kuonywa. Korongo huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, kwa hiyo makinda hawaanguliwi siku moja. Wa kwanza anaweza kuwa mkubwa waziwazi wakati wa mwisho anatoka kwenye ganda. Chakula kikiwa tele, wote hukua. Chakula kikipungua, mzazi anaweza kumshika yule mdogo kwa mdomo, akamtikisa, akamtupa nje ya kiota. Wakati mwingine humla.

Nilikuwa zamu ilipotokea mbele yangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi tulivu. Kulikuwa na watu wanane chini ya kiota, wawili wakiwa watoto, na mzazi akamshika kinda wa nne, akamnyanyua kama anavyonyanyua kijiti kilichokaa vibaya, na kumwachia pembeni. Hakuna aliyesema neno. Kisha maneno yakaja yote kwa pamoja: kwamba ndege huyo ni mkatili, kwamba lazima ana wazimu, kwamba kinda arudishwe juu, kwamba kinda apelekwe nyumbani akalelewe kwenye boksi. Bwana mmoja alikuwa tayari ameshakwenda kutafuta ngazi.

Kinda alikuwa amekufa, na hilo lilimaliza mjadala wa ngazi. Lakini nilirudi kwenye daftari, nikasoma ile safu ya “ameelekea wapi” kwa siku 10 zilizotangulia, na jibu lilikuwa limelala pale likitungoja. Mwanzoni mwa msimu wazazi walikuwa wakiruka kwenda kwenye malisho yenye unyevu yaliyo karibu, na kurudi baada ya muda mfupi. Kisha mtaro wa malisho yale ulifunguliwa ili maji yaondoke na nyasi zikatwe mapema. Kuanzia hapo ndege walianza kuruka upande mwingine, mbali zaidi, na nafasi kati ya mlo na mlo ikaongezeka karibu maradufu. Tulikuwa tumeandika yote hayo kwa mikono yetu, siku baada ya siku, bila kuyasoma. Yule mzazi alisoma hali ya chakula kabla yetu. Nasema haya bila kumlaumu mwenye malisho, ambaye hakuna mtu aliyemwambia lolote. Lawama ni yetu tuliokuwa na daftari mkononi na hatukubisha hodi mlangoni kwake.

Korongo hana kinywa cha kuchagua sana. Hula panzi, nyungunyungu, vyura, panya, samaki wadogo, na nzige akiwapata. Lakini makinda wachanga wanahitaji vitu vidogo na laini, kwa sababu mzazi hawalishi mdomo kwa mdomo. Hucheua chakula katikati ya kiota, nao hukiokota wenyewe. Ukame ukiingia wakati huo, nyungunyungu hushuka ndani ya ardhi na ardhi hufunga. Kwa sababu hiyo maji machache ya kimo cha kifundo cha mguu, yakibaki kwenye malisho majuma mawili zaidi, yanaweza kufanya kazi ambayo walinzi 100 wenye darubini hawawezi kuifanya. Ukataji wa nyasi nao una namna yake. Zikikatwa zote kwa siku moja, kuna karamu ya siku moja kisha njaa. Zikikatwa kwa vipande, kipande leo na kingine juma lijalo, korongo hufuata nyuma ya trekta kila mara na kila mara hupata kitu.

Wako watu waliolijua hili kwa njia ya uchungu kuliko sisi. Nchini Japani, korongo wa mashariki, ndugu wa karibu wa huyu wetu, alitoweka kabisa porini. Yule wa mwisho alikufa mwaka 1971 katika eneo la Toyooka. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kuwajengea ndege hao viota na kuwafuga ili wazaliane, na kwa miaka mingi hawakufanikiwa, mpaka walipopata makinda kutoka Khabarovsk, nchini Urusi, mwaka 1985, na wa kwanza kuanguliwa kizimbani akapatikana mwaka 1989. Kuwa na ndege peke yake hakukutosha, kwa maana mashamba ya mpunga yaliyokuwa yamewaua kwa viuatilifu na ukavu yalikuwa bado pale pale. Ikabidi wakulima wabadilishe kilimo: wapunguze au waache dawa, waache maji yakae shambani muda mrefu zaidi, vyura wapate kukua kabla maji hayajaondolewa. Ndege waliachiliwa mwaka 2005, na mwaka 2007 kinda wa kwanza aliyezaliwa porini akaruka kutoka kiotani. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 kurudisha walichokuwa nacho, na sehemu ngumu zaidi ya safari ile ilikuwa matope.

Mfano mwingine unatoka Assam, India, nao unahusu ndege ambaye, niseme kwa heshima, si mzuri wa sura: korongo mkubwa mwenye kipara anayeitwa hargila, anayekula mizoga na kuweka viota kwenye miti mirefu iliyo ndani ya maboma ya watu. Uchafu wake unanuka, mabaki ya chakula huanguka uani, na wenye miti walikuwa wakiikata. Mwanabiolojia Purnima Devi Barman hakuanza na ndege. Alianza na wanawake wa vijiji vile, ambao ndio waliokuwa wakifagia uchafu ule kila asubuhi. Wakaitwa Jeshi la Hargila, wakafuma mavazi yenye picha ya ndege huyo, wakawafanyia makinda sherehe kama zile wanazowafanyia akina mama wajawazito, na wakatandika nyavu chini ya miti ili kinda anayeanguka asife. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimpa mama huyo tuzo yake ya juu ya mazingira. Jambo ninalolipenda zaidi katika kisa kile ni wavu. Umewekwa chini ya mti, na umewekwa na mwenye ua.

Narudi kwenye kiota chetu na mambo mawili yanayoua zaidi: nyuzi na nyaya.

Korongo hukusanya chochote kilicho laini ili atandike kiota, na kamba ya plastiki ya kufungia marobota ya nyasi humvutia sana, kwa kuwa inafanana na majani makavu. Ndege mjanja, walisema wahenga, hunaswa na tundu bovu. Mwaka mmoja tuliona kinda wa wiki nne hivi ambaye kila mwenzake alipoinuka kupiga mbawa, yeye aliinuka nusu na kurudi chini, kama aliyekanyagiwa nguo. Kwa darubini tukaona kitu cha rangi ya buluu. Tuliita mtu mwenye kibali na mafunzo ya kushika ndege, akapanda kwa gari la ngazi, nami nikapanda naye kumshikia mkoba.

Nilipochungulia kiotani nilishtuka, kwa maana makinda wote watatu walikuwa wamekufa. Walikuwa wamelala kifudifudi, shingo zimenyooka, macho nusu wazi, hawatikisiki. Yule mtaalamu akacheka taratibu, akaniambia nitulie. Ndivyo wanavyofanya wakiona hatari: hujifanya wafu, na huwezi kuwatofautisha na wafu wa kweli mpaka uweke kiganja kifuani na kusikia moyo ukienda mbio. Kamba ilikuwa imezunguka mguu mara tano, ikaanza kuingia nyamani. Ilikatwa kwa mkasi wenye ncha butu, jeraha likasafishwa, na tukashuka. Kabla ya kushuka tulitoa kiotani kamba nyingine zilizojaa mfuko mzima, pamoja na kipande cha turubai la plastiki kilichokuwa kimetandazwa katikati kama sinia, na juu yake maji ya mvua yalikuwa yamesimama. Hilo turubai lingeweza kuwaua wote bila kamba yoyote. Kinda anapokuwa mkubwa mno kuenea chini ya mzazi, na manyoya yake bado hayazuii maji, mvua ya baridi ya siku mbili mfululizo inatosha, hasa pale ambapo kiota hakichuji.

Niliposhuka nilijaribu kukumbuka kamba ile ya buluu niliiona wapi. Ilikuwa imening'inia kwenye uzio wangu.

Basi, ndugu zangu, kuokota kamba ni zamu kama zamu nyingine, na wanaoikimbia kwa sababu haina darubini wajue kwamba ndiyo inayookoa. Hata vipande vya mpira vya kufungia mboga visiachwe kwenye matuta, kwa kuwa korongo huvidhania nyungunyungu, akavimeza. Kuhusu kupanda kiotani, kanuni ni fupi: hapandi mtu asiye na kibali na mafunzo, na makinda wakishavuka wiki ya saba hivi hapandi mtu kabisa, labda kuwe na maisha yaliyo hatarini. Umri huo hawajifanyi wafu tena. Wanaruka, na hawajui kuruka.

Juu ya nyaya nitasema machache, kwa sababu hapa kazi si yetu peke yetu. Korongo ni mkubwa kiasi cha kugusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, au waya na chuma cha nguzo, na umeme ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyake. Makinda wanaojifunza kuruka ndio wanaokufa zaidi. Shirika la umeme linaweza kuvika nyaya ngozi za kuzuia mshtuko, kuweka vibao vya kuonekana, au kuhamisha kiota kutoka kwenye nguzo yenye hatari kwenda kwenye jukwaa la pembeni nje ya msimu. Ombi la maneno husahaulika. Pelekeni barua yenye namba ya nguzo, tarehe, na picha ya ndege aliyekufa, ikiwa yupo.

Wageni watakuja; kiota huwavuta. Wapokeeni vizuri, simameni nao, waonyesheni kwa darubini, na waambieni kwamba ndege isiyo na rubani hairushwi karibu na kiota, hata na mpwa wa mwenyekiti. Wengine watawaletea mabaki ya nyama na samaki ili muwape ndege. Wakatalieni kwa upole. Wapo waliosikia kisa cha Malena wa Croatia, korongo aliyepigwa risasi na wawindaji mwaka 1993 akavunjika bawa, akatunzwa na mzee Stjepan Vokić hadi alipokufa mwaka 2021, huku dume wake akisafiri kwenda kusini mwa Afrika na kurudi kwake mwaka baada ya mwaka. Ni kisa cha kweli na kizuri. Lakini Malena hakuweza kuruka, na mzee yule alimlisha kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Jozi yenye mbawa nzima ikizoea kulishwa, sisi tutakuwa tumejipa ruhusa ya kuyasahau malisho.

Makinda huondoka kiotani wakiwa na umri wa miezi miwili hivi, na kwa siku kadhaa hurudi kulala na kulishwa. Kisha asubuhi moja hawarudi. Mara nyingi hutangulia kabla ya wazazi wao, wakiungana na makundi ya makinda wengine, nao hawajawahi kuiona njia. Korongo hasafiri kwa kupiga mbawa sana, bali huzunguka juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa bahari haitoi hewa ya namna hiyo ya kutosha, huikwepa Mediterania. Wa magharibi huvukia mlango wa bahari wa Gibraltar kuelekea Afrika Magharibi. Wa mashariki huvukia mlango wa bahari wa Bosporus, nchini Uturuki, wakashuka Sinai na bonde la Nile, wakapita Afrika Mashariki, na wengine hufika hadi Afrika Kusini.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua wanakwenda wapi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mshale umemchoma shingoni, mshale wa mti kutoka Afrika, urefu wa karibu sentimita 80. Alikuwa ameruka nao bara hadi bara. Ndege yule bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Huwa namfikiria kila mwisho wa msimu, tunapofunga daftari. Ndege tunaowaita wetu hukaa nasi miezi mitano hivi. Miezi mingine wako kwenye mikono ya watu ambao hatutaonana nao, wenye mitaro yao, nyaya zao na dawa zao, nao kwa upande wao wanaweza kuuliza kile kijiji cha kaskazini kinafanya nini na kamba zake.

Ndugu mwenyekiti, nimemaliza niliyotumwa, kimebaki kitu kimoja cha utaratibu. Zamu ya kwanza ni kesho alfajiri, nayo haitakwenda kwenye kiota kwa sababu hakuna ndege bado. Itatembea ukingo wa malisho kutoka mtaroni hadi barabarani, na kila mtu aje na gunia. Daftari jipya liko mezani. Kalamu nimeifunga kwa uzi wa pamba.